Kuhama programu ya kuchorea: maana yake katika ofisi ya wabunifu majengo

Ukipita kwenye ofisi za wabunifu majengo hapa Arusha, kuanzia zile za ghorofani kando ya Barabara ya Sokoine hadi zile zilizopanga nyumba za kawaida kule Njiro, utasikia mtu akisema, "Sisi tumeshahama." Anamaanisha kwamba ofisi imeacha kuchora ramani kwa AutoCAD na sasa inatumia Revit au ArchiCAD. Ukidadisi utaambiwa leseni imelipiwa, kompyuta mbili mpya zimeletwa, mkufunzi alikuja siku tatu. Kisha unatupa jicho kwenye skrini ya yule anayemalizia michoro ya kibali cha ujenzi, na unaiona AutoCAD ileile.

Ndiyo maana neno hili linahitaji kuelezwa. Kununua programu ni shughuli ya siku moja. Kuhama ni kipindi, mara nyingi cha miezi mingi, ambacho watu wa ofisi wanaacha namna moja ya kuufikiria mchoro na kuingia namna nyingine, huku kazi za wateja zikiendelea kutoka kila wiki. Nimekipitia kipindi hicho. Nimeona wachoraji hodari wakivunjika moyo ndani yake kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza kilichokuwa kinawapata.

AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na ilichofanya ni kuichukua meza ya kuchorea na kuiingiza kwenye kompyuta. Kalamu ya wino na trasi, ile karatasi inayoonyesha cha chini yake, viliondoka, mstari ukabaki mstari. Ukuta kwenye AutoCAD ni mistari miwili iliyokaa sambamba. Kompyuta haijui kwamba huo ni ukuta. Anayejua ni mchoraji. Ramani ya sakafu, mwonekano wa mbele na mkato, yaani jengo likionekana kama limepasuliwa kutoka juu hadi chini, ni michoro mitatu isiyojuana, na anayeipatanisha ni mtu, kwa macho na kumbukumbu yake.

Revit, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002, imesimama juu ya msingi mwingine. Ndivyo ilivyo pia ArchiCAD ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, ambayo ilitangulia tangu miaka ya 1980. Humo unajenga jengo lenyewe ndani ya kompyuta. Ukuta una unene na kimo, una tofali katikati na plasta pande mbili. Mlango unajua uko kwenye ukuta upi. Ramani, mwonekano na mkato ni njia za kulichungulia jengo lilelile kutoka pande tofauti. Utaratibu huu ndio unaoitwa BIM, yaani kazi ya kutengeneza modeli ya jengo iliyobeba taarifa zake zote.

Chukua mteja anayejenga Njiro. Anapiga simu kusema dirisha la sebuleni liwe na upana wa mita 2.4 badala ya 1.8, anataka kuuona Mlima Meru akiwa amekaa. Kwenye AutoCAD unabadilisha ramani ya sakafu, halafu mwonekano, halafu mkato kama unapita hapo, halafu jedwali la madirisha. Ukisahau mahali pamoja, mkadiriaji majenzi atahesabu kioo cha zamani na fundi saiti atakuta karatasi mbili zinazobishana. Kwenye modeli unalibadilisha dirisha mara moja, na karatasi zote zinafuata.

Wauzaji wa programu huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo maelezo yanapopaswa kuanzia.

Mchoraji mwenye miaka kumi na tano ya AutoCAD anaweza kukutolea ramani ya nyumba ya vyumba vitatu kabla ya chakula cha mchana. Anaweza kwa sababu anaruhusiwa kutoamua mambo mengi. Anaweka mistari miwili, basi. Lenta itakaa kimo gani, paa litakutana vipi na ukuta, sakafu ya veranda itashuka kiasi gani, hayo yatajibiwa baadaye kwenye mkato, na mengine, tuseme kweli, yatajibiwa na fundi huko saiti. Modeli haimpi ruhusa hiyo. Akiweka ukuta mmoja tu, anatakiwa aseme: tofali la inchi ngapi? Ukuta unaanzia kwenye msingi au juu ya jamvi la zege? Unaishia kwenye lenta au unapanda hadi paani? Maswali aliyozoea kukutana nayo wiki ya tatu yanamjia saa ya kwanza. Anahisi amekuwa mzito. Mtu aliyekuwa anategemewa na ofisi nzima anajiona kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Ukweli ni kwamba kazi yake imesogezwa, imetoka mwishoni ikaja mwanzoni. Muda anaoupoteza kwenye ukuta wa kwanza ataurudisha kwenye mkato wa kumi, ambao sasa unajitoa wenyewe kwa kupitisha mstari mmoja. Jambo hili lingesemwa siku ya kwanza, kabla mtu hajashika kipanya, machungu mengi yasingekuwepo.

Juu ya hayo kuna vidole. Mtumiaji wa AutoCAD hatafuti vitufe. Anaandika O anakili mstari sambamba, anaandika TR anakata uliozidi, na mkono unakwenda kabla ya fikra. Kwenye programu mpya mkono huo umenyamazishwa, na kuufundisha upya kunachosha mwili kabisa.

Kwa sababu hizo mbili, kasi ya ofisi hushuka miezi ya mwanzo, na haikwepeki. Waongoza watalii wa Moshi wanalifahamu jambo la namna hii. Kwenye njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, siku ya tatu, mgeni hupandishwa hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, halafu anateremshwa kulala Barranco, takriban mita 3,900. Asiyeelezwa hukasirika: mita nilizozitolea jasho zimekwenda wapi? Mwongozaji hana wasiwasi, kwa sababu mteremko ule uko kwenye ratiba tangu getini, na ndio unaouzoesha mwili hewa nyepesi. Ofisi nayo inatakiwa iuandike mteremko wake kwenye ratiba. Isipouandika, itakutana nao ghafla, mteja akiwa amekaa mapokezi, na mkurugenzi atatamka lile neno linaloua mpito wote: "Hii malizieni kwanza na AutoCAD." Baada ya "hii" moja huja nyingine, na leseni ya mwaka inaisha bila nyumba hata moja kutoka kwenye modeli.

Sasa, kumsaidia mtu kuhama kunafanyikaje? Mafunzo ya siku tatu kwa ofisi nzima nimeyaona yakiyeyuka. Mtu akifundishwa kutengeneza ngazi za kupandia leo, na mradi wenye ngazi ukaja baada ya miezi miwili, hakumbuki kitu. Kinachofaa ni kuchagua mradi mmoja wa kweli, mdogo, wenye mteja asiye na haraka, na kuuweka mikononi mwa watu wawili au watatu. Wiki wanayofika kwenye ngazi ndiyo wiki ya kujifunza ngazi. Wengine waendelee na kazi zao za zamani bila kuonewa. Kosa kubwa ni kuanzia na mradi mkubwa kuliko yote, kwa hoja kwamba ndio wenye pesa.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani lakini ndiyo nusu ya kuhama: kuifanya programu iwe ya hapa. Revit inakuja na vipande vyake, inaviita familia: milango, madirisha, samani. Vingi vimetengenezwa kwa kufikiria soko la nchi nyingine. Utapata dirisha la kupandisha juu ambalo fundi aluminiamu wa hapa hajawahi kuulizwa, na ukuta wa mbao na jipsamu badala ya tofali la saruji. Mchoraji akilazimika kutengeneza dirisha la kuslaidi lenye grili kuanzia sifuri katikati ya kazi ya haraka, atarudi kwenye mistari miwili, na simlaumu. Kwa hiyo kabla ya mradi wa kwanza, mtu mmoja apewe wiki kadhaa, bila kusumbuliwa, atengeneze kiolezo cha ofisi, faili la kuanzia kila mradi: tofali la inchi 6 na plasta yake, mlango wa mninga, bati la migongo mipana, karatasi yenye nafasi ya muhuri na saini, vipimo kwa milimita. Mradi pia uwekwe mahali pake duniani. Arusha iko kama nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta. Jua la Juni linapita kaskazini mwa paa zetu na la Desemba linapita kusini. Usipoiambia programu uko wapi, itakuhesabia kivuli cha mji mwingine, na utamwonyesha mteja veranda yenye kivuli ambacho hatakipata.

Halafu kuna suala la nani anamfundisha nani. Katika ofisi nyingi, anayeijua programu mpya ni kijana aliyetoka Chuo Kikuu Ardhi au Chuo cha Ufundi Arusha juzi tu, na anayepaswa kufundishwa ni mzee aliyemtangulia kazini kwa miaka ishirini. Ukimsimamisha kijana mbele ya ubao na kumketisha mzee kwenye benchi, umewaaibisha wote wawili. Nilichoona kinafanya kazi ni kuwaketisha pamoja kwenye kompyuta moja, kila mmoja na anachokijua.

"Shikamoo mzee. Leo tunaweka paa."

"Marahaba. Haya, nionyeshe."

"Unachagua kuta, unaliwekea paa mteremko, linajitengeneza lenyewe. Umeona?"

"Nimeona. Lakini mwanangu, pale mapaa mawili yanapokutana, maji ya masika yanakwenda wapi?"

Kijana akazungusha modeli. Maji yalikuwa yanakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jiko. Kwenye AutoCAD kosa lile lingejificha, kwa kuwa mkato haukupita pale. Kwenye modeli lilionekana, ila lilihitaji jicho lililowahi kuitwa saiti mwezi wa nne kwa ajili ya dari iliyolowa. Tangu siku ile mzee hakuogopa tena programu, maana aliona ujuzi wake haujatupwa. Wazee hawa, tusisahau, wameshahama mara moja: wametoka kwenye meza na trasi wakaingia kwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba safari ile ilibadilisha mkono, na hii inabadilisha kitu chenyewe kinachotengenezwa.

Yaliyobaki ni ya utaratibu, nitayapitia haraka. Watu wengi hufanya kazi kwenye faili kuu moja, kila mmoja akiwa na nakala yake inayorudisha mabadiliko kwenye lile kuu, kwa hiyo tabia ya kubeba mradi kwenye flashi na kuufanyia kazi nyumbani haina nafasi tena. Umeme ukikatika kabla hujarudisha, kazi ya mchana wako inaweza kupotea; UPS, kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika, inunuliwe kabla ya kompyuta ya pili. Faili la Revit likihifadhiwa kwa toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, hivyo kubalianeni na mhandisi wa miundo mnatumia toleo la mwaka gani kabla ya kuanza. Kama yeye bado yuko AutoCAD, mtoleeni DWG, aina ya faili la AutoCAD. Kama anatumia programu tofauti ya modeli, kuna IFC, muundo wa faili ulio wazi ambao programu nyingi za BIM zinausoma. Tangu mwaka 2016 Autodesk haiuzi tena leseni za kudumu, malipo ni ya kipindi, na leseni ya mwanafunzi hairuhusiwi kwenye kazi ya kulipwa. Revit ni ya Windows peke yake. Mwenye Mac atazame ArchiCAD.

Ofisi imehama lini, basi? Kwetu niliijua siku. Alirudi mteja wetu wa zamani kutoka eneo la Sakina, anataka kuongeza vyumba viwili na veranda nyuma. Ramani yake ilikuwa faili la DWG la miaka mingi iliyopita, na kibali alikihitaji upesi. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na hakuna aliyeuliza ifanyikie wapi. Yule mzee wa paa aliivuta ile DWG akaiingiza chini ya modeli kama alivyokuwa akitandika karatasi ya zamani chini ya trasi, akaanza kuinua kuta juu ya mistari aliyoichora yeye mwenyewe.