Macho yakirudi meupe, ini limepona?

Kwenye dirisha la duka letu la dawa, swali hili huja limefungwa ndani ya gazeti: mizizi, magome, majani yaliyonyauka. "Daktari, hii inasafisha ini?" Mimi ni mfamasia, na kemia ya mimea ndiyo niliyoisomea zaidi, ila dirishani kila mwenye koti jeupe ni daktari.

Kabla ya kujibu nauliza alipimwa nini. Mara nyingi hakupimwa. Macho tu yalikuwa njano. Wengine huiita homa ya manjano, kumbe hiyo ni maradhi mengine kabisa, ya kuletwa na mbu. Macho ya njano ni dalili. Seli nyekundu za damu zikizeeka huacha rangi iitwayo bilirubini, ini ndilo huitoa, na likishindwa rangi hujaa mwilini. Kinacholishinda chaweza kuwa virusi, pombe, mawe ya kwenye nyongo, dawa za TB, au hiyo hiyo mizizi ya kwenye gazeti.

Hapa ndipo mitishamba hupata sifa za bure. Homa ya ini aina ya A karibu kila mara huisha yenyewe. Hata aina ya B, watu wazima wenye afya wapatao 95 katika kila 100 huishinda bila dawa yoyote. Wape wote mia maji ya majani ya mpapai, na 95 watakuletea kuku wa shukrani. Mganga hasemi uongo, amewaona wakipona. Shida ni wale watano, na zaidi watoto: anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, mara 9 kati ya 10 hubaki na virusi hivyo. Macho yake huwa meupe miaka thelathini, huku ini likijaa makovu polepole, na wengine huja kugundulika wakati tayari ni saratani.

Sidharau mimea. Kuna mmoja ulinikosesha usingizi nilipokuwa chuoni, Phyllanthus amarus. Ni gugu dogo lenye majani mithili ya mkwaju, vijitunda vyake vimejipanga chini ya kijiti cha majani. Mwaka 1988 watafiti wa Madras, India, waliandika katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa 37 wenye virusi vya B walipewa unga wa gugu hilo kwa siku 30, na 22 kati yao walipopimwa baadaye hawakuwa tena na alama ya virusi kwenye damu. Katika 23 waliopewa dawa bandia, yaani unga wa kulinganishia usio na dawa ndani yake, ilimtoka mmoja tu. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Baruch Blumberg, yule yule aliyegundua virusi vya B na kupata Nobel mwaka 1976. Nani asingeamini? Kisha Thailand wakajaribu, New Zealand wakajaribu, na alama ikabaki pale pale.

Ulaya nao wana mbigili wao wenye maua ya zambarau, Silybum marianum. Kiini chake, silibinini, madaktari huko humchoma kwenye mshipa mtu aliyekula uyoga wa sumu aina ya Amanita phalloides, kwa sababu huziba mlango ambao sumu hupitia kuingia kwenye seli za ini. Lakini vidonge vya mbigili huo huo vilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C, matokeo yaliyotoka mwaka 2012 hayakuwa na tofauti na dawa bandia. Kwa hiyo mtu akiniambia mmea fulani "unatibu ini", namuuliza: dhidi ya nini?

Na mingine inaua. Jamaica, miaka ya 1950, watoto walikuwa wakivimba matumbo kwa sababu ya chai ya majani ya porini, yakiwamo ya jamii ya Crotalaria. Kinachoudhi ni kwamba sumu yake ikiwa bado jani haina makali hayo. Ini lenyewe, katika kujaribu kuivunja, ndilo huigeuza kuwa kali, na vimishipa vyake vidogo vikaziba. Kuchemsha sana hakusaidii. Hata manjano: ya kwenye mchuzi hayana neno, lakini vidonge vyake vikali, hasa vilivyochanganywa na kiini cha pilipili manga, vimeshawalaza watu hospitali.

Juzi mzee mmoja aliniachia gazeti lake kaunta akaenda maabara kupima HBsAg, ile alama ya virusi vya B kwenye damu. Alirudi na karatasi: ana virusi. Tulizungumza kuhusu tenofoviri, dawa ya kuvidhibiti virusi hivyo, kisha kuhusu mkewe na wanawe, ambao wanapaswa kupimwa na kuchanjwa wakikutwa salama. Akatazama mizizi yake. "Na hii, mwanangu?" Nikamwomba aniletee tawi lenye majani na maua, maana kwa mzizi mkavu peke yake hata mimi siwezi kuutambua mti.