Muungwana: neno tunalolijua nusu

Kwenye daladala ya Mbagala, kijana akimpisha mama mjamzito kwenye kiti, hakosekani abiria wa kusema, "Huyo ndo muungwana bwana!" Binti akipisha, anaambiwa asante, basi. Ukiuliza, utajibiwa kwamba muungwana ni mwanaume mwenye adabu.

Siyo. Muungwana ni mke au mume, kama ilivyo kwa msafiri au mkulima. Uanaume tumeubandika sisi, nahisi kwa sababu ya kuzoea kulitumia neno hili kumtafsiri yule bwana wa Kiingereza anayewafungulia kina mama mlango.

Dhana nzito zaidi ni hii: kwamba tangu mwanzo neno lilihusu tabia njema. Pwani ya zamani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa si mtumwa. Angeweza kuwa mkorofi wa kutupwa na bado akaitwa muungwana, huku mtumwa mtulivu kama maji ya mtungi akibaki mtumwa. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji huu wa Dar miaka ya 1860, kuuliza kama fulani ni muungwana ilikuwa kuuliza kama ana bwana anayemmiliki. Hata aliyeachiwa na bwana wake hakugeuka muungwana siku hiyo. Yeye aliitwa huru, na jina hilo lilimkumbusha kila mtu alikotoka. Ndiyo, huru hii hii iliyozaa uhuru tulioushangilia Desemba 1961. Mjinga naye alikuwa mtumwa mgeni, aliyeletwa juzi kutoka bara na hajazijua desturi za pwani. Matusi yetu yana historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Sasa adabu iliingia wapi? Waungwana wenyewe walijipa hakimiliki ya stara: kuvaa vizuri, kusema kwa upole, kutojianika mbele za watu. Ndiyo maana methali inasema akivuliwa nguo, muungwana huchutama. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, maana ya kuzaliwa ilikosa pa kusimama, ikabaki ya mwenendo. Leo tunasema muungwana ni kitendo, kauli ambayo mwenye mashamba na watumwa wa enzi za Majid angeiona kichekesho.

Wengine hudhani waungwana wote walikuwa matajiri. Hapana. Wapagazi wa misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda Ujiji walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wametoka utumwani. Mtu aliyebeba pembe za ndovu begani kwa miezi alijipa jina la aliyemtuma, na likamkaa. Henry Morton Stanley, yule mvumbuzi aliyesafiri nao, aliwaandika hivyo hivyo kwenye vitabu vyake. Tena Kiswahili walichokivusha Ziwa Tanganyika mpaka mashariki ya Congo kikaja kuitwa Kingwana.

Na ustaarabu? Watu huuchanganya na uungwana kana kwamba ni pacha. Ustaarabu umetoka kwenye neno la Kiarabu la kujifanya Mwarabu, na ulipanda chati pwani wakati wa masultani wa Kiomani. Kwa hiyo anayekusifu kwa ustaarabu, kwa asili ya neno, anakusifu kwa kufanana na mtu mwingine.