Punda milia wa Unguja

Kusini mashariki mwa Unguja, karibu na Jambiani, kuna pango linaitwa Kuumbi. Kutoka hapo hadi baharini ni mwendo mfupi tu. Mtu akisikia kwamba wawindaji walikaa humo miaka 20,000 hivi iliyopita, hudhani walikula pweza na changu kama sisi. Mifupa inasema vingine: punda milia, nyati, kuro, tohe.

Punda milia Unguja? Ndiyo. Enzi hizo maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda barafu, bahari ikashuka kiasi cha mita 120. Mkondo kati ya Unguja na Bagamoyo hauna kina kirefu, ukakauka, wanyama wakavuka kwa miguu. (Pemba usiitie humu, mkondo wake una kina kikubwa mno.) Maji yalipopanda tena, kisiwa kikabaki peke yake na wale wanyama wakubwa wakatoweka. Tabaka za juu za pango, yaani za miaka ya baadaye, zimejaa paa, pimbi, kima na panya buku.

Panya buku ndiye anayenisumbua mimi ninayechunguza mifupa. Huchimba shimo mwenyewe na kufia humohumo, basi mfupa wake peke yake si ushahidi wa kitoweo. Naugeuzageuza chini ya taa niliyoilaza pembeni, natafuta alama ya kisu cha jiwe: mfereji mwembamba wenye umbo la V, na ndani yake vimistari vinavyokwenda sambamba. Meno ya panya huacha mikwaruzo mipana, bapa, miwili miwili. Kuungua nako kunadanganya, maana moto ukiwashwa juu ya mfupa uliokwisha kufukiwa, utauchoma vilevile. Ninaoupenda ni ule ulioungua ncha tu, pale ambapo nyama haikuufunika: huo ulichomwa ukiwa bado na nyama.

Na bahari je? Mashariki mwa kisiwa sakafu ya bahari inaporomoka haraka, kwa hiyo hata maji yaliposhuka ufuko haukuwa mbali na Kuumbi. Huko Kilifi, pango la Panga ya Saidi liko kilomita 15 hivi kutoka pwani. Watu wameacha humo shanga za makombe ya baharini, lakini mifupa ni ya wanyama wa msituni na mbugani. Bahari waliijua.

Mimi siharakishi kusema hawakula vya baharini. Makombe mazito nani ayabebe hadi pangoni? Unachokonoa nyama palepale ufukweni, maganda unayaacha, na ufuko wa enzi zile leo umezama. Mifupa ya samaki nayo ni midogo, chekecheke lenye matundu makubwa huipitisha yote. Ndiyo maana nyumbani nina makopo ya vichwa vya changu na tasi, nimevichemsha mpaka nyama ikatoka, nipate cha kulinganishia. Jirani ameshaniuliza mara mbili mchuzi unaanza kuuzwa saa ngapi.