Je, wajua kwa nini Visiwa vya Virgin huadhimisha siku vilipouzwa?

Kila tarehe 31 Machi huwa ni sikukuu ya umma katika Visiwa vya Virgin vya Marekani: Siku ya Makabidhiano. Siku hiyo mwaka 1917, Denmark iliikabidhi Marekani visiwa vitatu vya Karibi, yaani St. Thomas, St. John na St. Croix, kwa dola milioni 25 za dhahabu. Ndani yake waliishi watu wapatao 26,000, wengi wao wakiwa wajukuu na vitukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kwingineko watu husherehekea siku mkoloni alipofungasha virago. Hawa wanaadhimisha siku mkoloni mmoja alipompisha mwingine. Ilikuwaje?

Tuanze na muuzaji. Denmark ilijikita St. Thomas mwaka 1672, ikaingia St. John mwaka 1718, na St. Croix ikainunua kwa Wafaransa mwaka 1733, kwa hiyo kisiwa hicho kilikwisha kupigwa bei mara moja kabla. Mali ilikuwa miwa, na miwa ilikuwa jasho la watumwa. Julai 1848 watumwa wa St. Croix walimiminika hadi mji wa Frederiksted kudai uhuru wao, na Gavana Peter von Scholten akautangaza papo hapo bila kungoja ruhusa ya Copenhagen. Lakini uhuru huo ulikuja na sheria za kazi zilizowafunga vibarua kwenye mashamba yaleyale. Mwaka 1878 waliyachoma, pamoja na sehemu kubwa ya Frederiksted. Mmoja wa viongozi wao, Mary Thomas, hadi leo anaitwa Malkia Mary. Wakati huo Ulaya ilikuwa ikijitengenezea sukari ya viazisukari, bei ya sukari ya miwa imeporomoka, na koloni limekuwa mzigo kwa hazina ya Denmark.

Kuuza hakukuwa rahisi, ilichukua miaka hamsini. Mwaka 1867 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 7.5 kwa St. Thomas na St. John. Denmark ikaridhia, Seneti ya Marekani ikauacha mkataba ufe. Mwaka 1902 mambo yakageuka. Safari hii bei ilikuwa milioni 5 kwa visiwa vyote vitatu, Seneti ikapitisha, halafu baraza la juu la bunge la Denmark likagawanyika kura 32 kwa 32. Mkataba ukaanguka kwa kukosa kura moja tu.

Kilichobadilisha kila kitu ni vita. Agosti 1914 Mfereji wa Panama ulifunguliwa, na mwezi huohuo Ulaya ikawa inawaka moto. Bandari ya St. Thomas, yenye kina na iliyokingwa vizuri, iko njiani kuelekea mfereji huo, na kampuni moja ya meli ya Kijerumani tayari ilikuwa na kituo hapo. Washington iliogopa: Ujerumani ikiimeza Denmark, si itapata kituo cha nyambizi mlangoni mwa Panama? Waziri wa mambo ya nje, Robert Lansing, hakuzunguka mbuyu. Alimwambia balozi wa Denmark kwamba, hali ikifika hapo, Marekani inaweza kulazimika kuvichukua visiwa yenyewe. Mnunuzi wa namna hiyo hakataliki.

Hata hivyo, Wadenmark walijua kupatana bei. Walipata milioni 25 kwa visiwa visivyozidi kilomita za mraba 350 hivi, wakati Alaska nzima iliigharimu Marekani milioni 7.2 mwaka 1867. Tena walidai nyongeza ambayo mimi naiona nzito kuliko dhahabu yenyewe. Siku mkataba ulipotiwa saini, 4 Agosti 1916, Lansing alitoa tamko la maandishi kwamba Marekani haitapinga Denmark kueneza maslahi yake ya kisiasa na kiuchumi katika Greenland yote. Anayesikia leo viongozi wa Marekani wakiitaka Greenland na akumbuke kwamba tamko hilo lilikuwa sehemu ya bei.

Desemba mwaka huo Wadenmark walipiga kura ya maoni, na takriban asilimia 64 wakakubali kuuza. Wakazi wa visiwa hawakuhusishwa katika kura hiyo. Hii haina maana kwamba walikaa kimya. David Hamilton Jackson, mwalimu wa St. Croix, alikwenda hadi Copenhagen mwaka 1915 kueleza shida za watu wake, akarudi kuanzisha gazeti na chama cha wafanyakazi. Yeye aliunga mkono kuhamia Marekani. Alitarajia haki zaidi huko.

Makabidhiano yalifanyika alasiri mjini Charlotte Amalie, kisiwani St. Thomas: mizinga ikapigwa, bendera ya Denmark ikashushwa na ya Marekani ikapandishwa. Siku sita baadaye Marekani iliingia vitani.

Haki alizotarajia Jackson zilichelewa. Wakazi wengi walidhani wamekuwa raia wa Marekani siku ileile, ila Washington ilisema wako chini ya ulinzi wake tu. Uraia ulikuja kwa sheria ya mwaka 1927. Hadi 1931 waliotawala walikuwa maofisa wa jeshi la wanamaji. Waliboresha afya na maji, hilo tuwape, lakini marufuku ya pombe ya Marekani iliikaba biashara ya ramu ya St. Croix. Gavana wa kwanza wa kuchaguliwa na wananchi alipatikana katika uchaguzi wa 1970.

Kwa hiyo maana ya siku hii hutegemea unamuuliza nani. Wapo wanaoadhimisha mlango wa uraia wa Marekani. Wapo wanaoitumia kuidai Denmark fidia ya utumwa. Waziri Mkuu wa Denmark wa wakati huo, Lars Løkke Rasmussen, alihudhuria maadhimisho ya miaka 100 mwaka 2017, na mwaka uliofuata, tarehe ileile ya 31 Machi, sanamu kubwa ya Malkia Mary ilizinduliwa Copenhagen. Na wapo wanaouliza kwa nini, baada ya karne nzima, raia wa Marekani anayeishi St. Croix hapigi kura ya kumchagua rais, na mjumbe wake katika Bunge la Wawakilishi hana kura sheria inapopitishwa. Akihamia Florida, kura hiyo anaipata.