Usawa wa afya: maana yake ukiitazama kwenye dumu la maji

Neno letu "usawa" limebeba mizigo miwili. Mama akigawa nyama vipande vinavyolingana kwa watoto wote, huo ni usawa. Akimwongezea mchuzi yule anayeumwa, majirani watasema pia kafanya sawa, yaani kafanya inavyostahili. Mezani maana hizi mbili hukaa pamoja bila ugomvi. Kwenye afya hugombana. Usawa wa afya ni ule wa pili: kila mtu apate nafasi ya haki ya kuwa na afya njema, hata ikibidi huyu apewe zaidi ya yule ili aifikie. Binafsi ningependa tuseme "haki katika afya", lingepunguza utata, lakini "usawa wa afya" ndilo lililoshika.

Mahali pazuri pa kuiona tofauti hiyo ni Maji ya Chai, mkoani Arusha, chini ya Mlima Meru. Jina lenyewe linazungumzia rangi ya maji, lakini kinachoumiza watu hakina rangi wala harufu. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Kidogo chake huimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi, huyaharibu meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, katika miaka kama minane ya mwanzo wa maisha. Yanaota na madoa meupe au ya kahawia, mengine yanamomonyoka, na hakuna mswaki utakaoyarudisha. Mtu akiendelea kunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi, inaingia mifupani: viungo vinakakamaa, mgongo haunyooki, na watoto wengine hupata matege.

Sasa chukua ushauri tuliofundishwa sote tangu shule ya msingi: chemsha maji, au tia dawa. Klorini huua vijidudu, na floraidi si kijidudu. Kuchemsha ndiyo kabisa, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki sufuriani, imekolea zaidi. Ongeza magadi ya kulainishia makande, ambayo nayo huwa na floraidi. Kwa hiyo ukigawa vidonge vilevile na ushauri uleule nchi nzima, umegawa sawa kwa maana ya kwanza, na mtoto wa Meru umemwacha palepale. Mwenye pesa atanunua maji ya chupa. Asiye nazo atakunywa ya bombani na kuambiwa hapigi mswaki.

Hata viwango vina historia yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, katika viwango vya muda vya mwaka 1974, iliruhusu hadi miligramu 8. Baadaye ikashusha hadi 4, kisha 1.5. Si kwamba watoto wa kaskazini walikuwa na meno ya chuma. Vyanzo vingi visingepita mtihani, na ukifunga kisima bila kuleta kingine unampeleka mama kwenye dimbwi lenye kipindupindu. Hoja hiyo ina uzito, nakubali. Lakini gharama yake ililipwa na watu wa eneo fulani tu, na hapo ndipo swali la usawa linapozaliwa.

Njia za kupunguza floraidi zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi maji yanapopita. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linalorekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika, likampatia mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi. Maji ya mvua nayo kwa kawaida yana floraidi kidogo sana. Na kama tangi la mvua ni dogo, wanywe nani kwanza? Watoto ambao meno yao bado yanajengeka. Babu wa miaka sabini asubiri, bila kinyongo.

Na wanafunzi, wanaweza kusaidiaje kuleta usawa huo? Kupitia kinachoitwa uchechemuzi, au utetezi. Kuchangishana na kununua tangi la shule ni msaada, na ni jambo jema. Uchechemuzi ni kumfanya mwenye mamlaka abadilishe uamuzi, ili tangi lisitegemee michango. Wanafunzi wa udaktari wana vyama vyao, TAMSA kwa Tanzania, na shirikisho lao la dunia, IFMSA, limekuwepo tangu 1951. Lakini hata kidato cha tatu chenye mwalimu wa kemia makini kinaweza kuanza.

Kianze na namba. Bango lenye neno "maji ni uhai" halimsumbui mtu yeyote. Sampuli iliyochukuliwa kwa chupa safi ya plastiki, ikapimwa maabara ya maji na kuandikwa tarehe na jina la kisima, inasumbua. Halafu kijue mlango wa kugonga: vijijini ni RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, mjini ni mamlaka ya maji, na kijijini kwenyewe ni mkutano mkuu, ambapo mkazi wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusimama na kuuliza. Kalenda nayo ni muhimu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo ombi linalofika Juni limekuta chakula kimeshapakuliwa. Kwa wenzetu wa Nakuru, wenye floraidi hiyohiyo, Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inataja maji safi na salama kuwa haki ya kila mtu, na bajeti ya kaunti lazima ipite kwa wananchi.

Jambo moja huniudhi: kampeni zinazopiga picha za karibu za midomo ya watoto wenye meno ya kahawia. Mtoto ameshachekwa darasani, sasa anachekwa mkoa mzima. Picha ya kisima na kipimo chake inatosha.

Na kwa kuwa mwanafunzi huhitimu akaondoka, daftari la vipimo libaki kwa mwalimu au kwa katibu wa chombo cha maji cha kijiji. Kiwango cha floraidi kinaweza kubadilika kati ya kiangazi na masika, na kipimo cha siku moja ni rahisi sana kukataliwa kikaoni.