Niliombewa nikapona, mbona jinamizi limerudi?

Swali: Majambazi walituvamia nyumbani miaka mitatu iliyopita. Nilifunga, nikaombewa, nikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba nimepona. Mwezi uliopita mlango uligongwa usiku kwa nguvu, na tangu hapo silali. Imani yangu ilikuwa haba?

La. Kilichokurudia ni kumbukumbu. Ubongo uliopatwa na kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, huvitia alama ya hatari vitu vilivyokuwapo siku ile: giza, harufu, mlango kugongwa. Kupona, kuwe kwa maombi au kwa kliniki, hakufuti alama hiyo. Ubongo hujifunza somo jipya juu ya lile la zamani, kwamba si kila anayebisha hodi ni jambazi. Ukichoka, ukikosa usingizi, au tarehe ya tukio ikikaribia, somo la zamani laweza kuibuka tena.

Tazama Rwanda. Kila Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, wapo wanaopiga mayowe na kuanguka kana kwamba wauaji wamefika sasa hivi. Wenyewe wana neno la hali hiyo, *ihahamuka*, na humpata hata muumini wa miaka mingi. Isitoshe, Ntarama na Nyamata watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Kwa manusura wa namna hiyo, kumburuta mkeshani kwaweza kuwa kumtonesha kidonda.

Kwa hiyo maombi hayana kazi?

Yanayo, na mtaalamu anayeyabeza anakosea. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti kuhusu watu waliosali rozari kwa Kilatini: pumzi zao zilipungua hadi kama 6 kwa dakika, mwendo unaoutuliza moyo. Anayevuta uradi taratibu baada ya Isha huenda asishangae. Kisha kuna watu: wanaokuja kukaa nawe, wanaokuletea uji, wasiokuharakisha.

Shida huanza imani inapogeuzwa fimbo. Watafiti wa saikolojia ya dini, akiwamo Kenneth Pargament, wameonyesha kwamba anayeamini Mungu anamwadhibu au amemtupa, mara nyingi hali yake huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana “una pepo” ni kauli nzito ya kumwambia mtu asiyelala.

Yupo anayepona moja kwa moja?

Wapo, tena wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kama asilimia 70 ya watu hupatwa na tukio la kutisha maishani, lakini ni asilimia 5.6 tu ya hao wanaoingia katika ugonjwa wenyewe wa kiwewe. Kati ya wanaougua, hadi asilimia 40 hupona ndani ya mwaka mmoja. Ila kupona maana yake ni kuweza kusimulia yaliyotokea bila mwili kuyapitia upya. Anayekuahidi kwamba hutakumbuka tena, mwogope.

Dalili zikizidi mwezi, tafuta mshauri nasaha aliyefunzwa kutibu kiwewe. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwasaidia wenzao kuyasimulia maisha yao hatua kwa hatua, tangu utotoni, mazuri na mabaya, na dalili zikapungua. Hawakuwa madaktari.

Mchungaji anasema niache dawa ili nionyeshe imani.

Usiache. Dawa kama sertralini, inayotumika kutibu kiwewe na sonona, hupunguzwa polepole, daktari akisimamia. Ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, halafu ukadhani ni shambulio jipya. Na mawazo ya kujiua yakikujia, nenda hospitali leo hii, usiende peke yako.

Na ushuhuda wangu? Naona aibu.

Hukusema uongo, ulieleza ulivyojisikia siku ile. Mtu akikuuliza, mwambie unaendelea na matibabu, kama angesema mwenye kisukari.