Vita ya Tanga 1914: nyuki wanapewa sifa zisizo zao

Kaa kwenye kahawa hapa Tanga utaje vita ya mwaka 1914, Mwingereza alipokuja kumnyang'anya Mjerumani mji huu, utaambiwa nyuki ndo waliompiga Mwingereza, basi, hadithi imeisha. Nyuki walikuwepo kweli, risasi ziliwachokoza wakatoka na hasira zao, ila hawakuangalia bendera ya mtu, wapiga bombomu (bunduki za rashasha) wa Mjerumani nao waling'atwa mpaka wakaziacha silaha. Na ile ya kwamba Mjerumani aliwatega hao nyuki kwa nyaya ni maneno yaliyovuma Uingereza baada ya kipigo, mtu akishindwa si lazima atafute sababu.

Kilichomponza Mwingereza ni kuchelewa. Tarehe 2 Novemba meli ya vita ya Mwingereza, HMS Fox, inafika, nahodha Caulfeild anautaka mji usalimu amri, halafu anaanza kuuliza habari za mabomu ya baharini huku simu ya waya imeshafika Moshi na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, anapakia askari kwenye treni. Watu wa Mwingereza, wengi wao wanajeshi wa Kihindi, wanashushwa Ras Kasone, nje kidogo ya mji, usiku, tarehe 3 wanajaribu kuingia mjini wanarudishwa na kikosi kidogo tu cha Mjerumani kilichokuwepo. Usiku huo Lettow anapita mjini na baiskeli kuangalia mambo kwa macho yake, mji mtupu. Jenerali Aitken, mkuu wa jeshi la Mwingereza, yeye alikataa hata kutuma watu wapeleleze vizuri, na hapo ndo mi naona uongozi ulipotofautiana, siyo kwenye nani ana roho ngumu.

Tarehe 4 mchana Waingereza walikuwa na watu kama 8,000, Mjerumani kama 1,000. Lettow akasubiri, akaona ubavu wa kushoto wa adui umekaa wazi, akaurushia kampuni ya akiba na bombomu zake. Wale 101st Grenadiers, kikosi cha Wahindi, waliokuwa upande huo waliumia vibaya sana.

Wengine wanasema Wahindi wote walikimbia. Siyo kweli, kuna vikosi vilivunjika ndiyo, watu walitoka Bombay wamebanwa melini wiki kadhaa wanatapika, lakini wanajeshi wa Kashmir pamoja na kikosi cha Waingereza wenyewe cha North Lancashire walipigana nyumba kwa nyumba mpaka forodhani.

Na hii ndo wengi hawaijui: Mjerumani hakuwafukuza mpaka baharini jioni ile. Tarumbeta ilipigwa, askari wake wakaielewa vibaya wakarudi kambini nje ya mji, usiku mzima Tanga haina mtu wa kuilinda na Aitken hana habari! Asubuhi Lettow akarudi, Waingereza wakaondoka wakaacha bunduki za kutosha kampuni tatu na risasi 600,000, na askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na zile bunduki za 1871 zinazofuka moshi.

Halafu jamani hao askari tusiseme walikuwa vijana wa Tanga wanatetea kwao. Wengi walitoka bara, Wanyamwezi, Wasukuma, na wenye asili ya Sudan, wanajeshi wa mshahara. Ushujaa wao siukatai hata kidogo, kusimama mbele ya watu mara nane yako siyo mchezo, ila jeshi hilohilo ndilo lililowamaliza watu wa kusini kwenye Maji Maji 1905 mpaka 1907, kwa hiyo anayewaita wazalendo aulize kwanza Songea.